UZI: "Me levanto a la señora." Kitenzi kimoja cha Kihispania kilivyoniumbua kambini Barafu

Mgumu_wa_Mweka (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni mwongoza wageni mlimani Kilimanjaro, mwaka wa tisa sasa. Nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani, nikapanda taratibu. Kihispania changu ni cha kuungaunga: video za simu, daftari la rafiki aliyesoma chuo, na wageni wenyewe. Leo nataka tuongelee kitenzi levantar, maana naona vijana wengi wa Moshi na Arusha wanaandika "levantar = kuinua, kuamka" halafu wanafunga daftari. Mimi nililifunga hivyo hivyo.

Kisa chenyewe. Waajentina saba, njia ya Machame, usiku wa kusamiti, yaani kupanda kileleni. Mnaoujua mlima mnajua utaratibu wa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele: mnafika mchana, mnakula, mnajilaza, saa tano usiku watu wanaamshwa wanywe chai na biskuti, saa sita mnaanza kupanda na tochi kichwani ili jua liwakute karibu na kilele. Katika kundi kulikuwa na mama mmoja wa makamo, hatua zake fupi, nikataka aanze kujiandaa kabla ya wenzake. Kwenye hema la kulia nikasimama, nikakohoa kidogo, nikatamka kwa kujiamini kabisa:

"A las once me levanto a la señora. Después me levanto a todos."

Nilikusudia: saa tano nitamwamsha mama, kisha nitawaamsha wote. Hema likawa kimya kama sekunde mbili. Halafu mume wake akaangua kicheko mpaka chai ikammwagikia mapajani. Mama mwenyewe akajifuta machozi, akaniuliza, "¿Y mi marido qué hace?" Yaani, na mume wangu wakati huo atakuwa anafanya nini?

Kumbe kwa Waajentina levantarse a alguien ni kumuopoa mtu. Nilikuwa nimetangaza mbele ya mumewe kwamba saa tano usiku namuopoa mkewe, na nikimaliza nawaopoa waliobaki, wanaume kwa wanawake. Kwa baridi ile ya Barafu!

Baada ya kushuka nilikaa na hili jambo siku nyingi, na nadhani nimelipata kosa lilipoanzia. Lilianzia kwenye ji-.

Kila anayefundisha Kihispania kwa Kiswahili anakwambia vile vineno me, te, se ni sawa na ji- yetu. Me lavo, najiosha. Me miro, najitazama. Hapo sawa. Ukifika me levanto, mwalimu anasema "najiinua", na wewe unakubali. Sasa nani kwenu hujiinua asubuhi? Kwetu kujiinua ni habari ya vikoba na mikopo ya akina mama. Kitandani mtu haji-inui, anainuka.

Tazameni inua na inuka. Nyanyua na nyanyuka. Ondoa na ondoka. Pindua na pinduka. La kwanza lina njaa ya kitu: unainua nini? Gunia, mkono, mtoto. La pili limeshiba, jambo linamwishia mtendaji mwenyewe. Kihispania hakina huo mkia wa -ka. Badala yake kinachukua kile cha kwanza, levantar, kinakitundikia me au se, basi kinashiba. Levanto la mochila, nainua begi. Me levanto, nainuka. Kwa kitenzi hiki, se ni mkia wa inuka uliohamia mbele. Ji- haihusiki.

Ukiliona hivyo, kosa langu linaonekana kwa macho. "Me levanto a la señora" ni kama Mhispania aje akwambie kwa Kiswahili "nitainuka mama". Ungemsahihisha hapo hapo: sema nitamwinua, au bora zaidi, nitamwamsha. Nilipaswa kusema "despierto a la señora" na kwenda kulala.

Karibuni mshushe nondo. Wanaocheka wacheke, nimeshazoea.

Mpiga_mikeka

Nimecheka kwa sauti ndani ya daladala. Swali nje ya mada kidogo: Levante, ile timu ya La Liga inayoniharibiaga mkeka wa kubeti, inahusiana na hicho kitenzi?

Chungwa_la_Valencia

Mkuu hapo juu, naishi Valencia, naomba nikujibu mimi. Inahusiana, ni damu moja. Levante maana yake ni mashariki, kule jua linakoinuka. Na eneo lote hili la pwani ya mashariki ya Hispania, Valencia mpaka Murcia, watu huliita Levante. Klabu ilianzishwa 1909 hapa hapa mjini.

Kuna na upepo unaitwa levante, unaotoka mashariki na kupita kwenye mlango wa Gibraltar. Mji wa Tarifa unaujua vizuri, ukivuma siku kadhaa mfululizo watu wanakuwa na hasira za bure. Wa upande wa pili unaitwa poniente, yaani jua linakotua. Sisi tuna kaskazi na kusi, wao wana levante na poniente.

Halafu angalieni neno letu mashariki. Tumelitoa kwa Waarabu, na kwao shina lake ni kuchomoza kwa jua. Magharibi ni kutua. Yaani Mwarabu na Mlatini walikaa pande mbili za bahari moja, wakautaja upande huo kwa jambo moja.

Sasa kwa mleta uzi. Maelezo yako ya -ka nimeyapenda, ila umeacha nusu. Umeeleza kwa nini sentensi yako ilikuwa mbovu, hukueleza kwa nini wao waliielewa vile. Kihispania kina me nyingine, ya mtu kujinufaisha. Me comí una pizza entera, nilijilia pizza nzima. Me bebí tres cervezas, nilijinywea bia tatu. Na sisi tunayo: kujilia, kujipatia, kujinyakulia. Kwa hiyo me levanté a una chica ni "nilijiopolea binti". Hapo ji- yako inarudi mlangoni! Wewe ulikusudia -ka, wakasikia ji- ya kujinyakulia.

Mgumu_wa_Mweka

Aisee. Kujinyakulia! Miaka miwili naelezea hiki kisa na hilo sikuliona. Kongole mkuu.

Kijana_wa_Usa_River

Bro samahani, mimi ndio naanza, nimepata kazi ya kupika mlimani na msimu huu kuna Wahispania wengi. Nikiwa nje ya hema naita vipi? Nimekariri me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, se levantan. Lakini ya kuamuru sijui.

Mgumu_wa_Mweka

Mdogo wangu, mgeni mmoja unayemzoea: levántate. Mgeni wa heshima: levántese. Wengi: levántense. Wakiwa Wahispania wa Hispania na mmeshakuwa marafiki, levantaos. Waajentina wanasema levantate, mkazo unaangukia kwenye ta, wala hawaandiki alama juu.

Mkazo ndio utakaokutesa. Kiswahili kimetuzoesha kukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, bila kufikiri. Levanto, nainua, inakaa vizuri mdomoni. Lakini levantó, aliinua, mguu unakanyaga mwisho kabisa, na levántate unakanyaga karibu na mwanzo. Mimi nilikuwa naita "levantáte" kila asubuhi, wageni wakadhani nimefundishwa na Mwajentina. Na hiyo v usiing'ate kama ya "vitu", itamke karibu na b.

Ukimkataza, neno linabadilika: no te levantes. Wengi wanalia hapo, lakini na sisi tunabadilisha. Inuka! Usiinuke! Huwezi kusema "si inuka". Kwa hiyo usilie.

Na usisahau saa. Nilishamwambia mgeni "a las diez" nikimaanisha saa kumi alfajiri. Akalala mpaka saa nne asubuhi, ndiyo saa kumi ya kwao. Saa kumi yetu ni a las cuatro. Hesabu kwanza kichwani, ndipo ufungue mdomo.

Chungwa_la_Valencia

Nyongeza: huku kwenye nyumba za watu mama akimwamsha mtoto wa shule hupiga kelele "¡Venga, levanta!" bila te yoyote, na dunia haianguki. Kwenye daftari la mtihani mwalimu ataweka alama nyekundu, jikoni hakuna anayejali.

Sina_Hakika

Mbona mnajitesa? Piga mlango sema "¡Arriba!" imeisha. Lugha ya kazi ni kueleweka.

Mgumu_wa_Mweka

Arriba inafanya kazi vizuri tu, naitumia. Ila mkuu, mgeni akiugua kichwa kwa urefu wa mlima na unataka kujua kama aliamka usiku, au alishindwa kuinuka, au aliinuka akaanguka, arriba haitakusaidia. Pale despertarse na levantarse ni vitu viwili. Kiswahili "nimeamka" kinabeba yote mawili, macho kufunguka na mwili kutoka kitandani. Kwao se despertó a las dos ni macho tu. Se levantó a las dos, alitoka nje ya hema. Kwenye mita zaidi ya 4,600 tofauti hiyo naiandika kwenye daftari.

Nesi_Pwani

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi ni muuguzi, Pwani ya Kenya. Mnakumbuka 2018 walikuja madaktari Wakuba kama mia moja wakagawanywa kaunti mbalimbali. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi tulipata wa kwetu, na mimi kwa kimbelembele nikajitolea kutafsiri, maana nilikuwa na wiki sita za Kihispania cha simu.

Akaingia mzee mmoja ana maumivu ya mbavu. Daktari akamwambia, kwa adabu, "Levántese la camisa, por favor." Mimi nikasikia levántese, yale mengine yakapita. Nikamwambia mzee, "Baba, simama." Mzee akasimama. Daktari akatikisa kichwa, akarudia. Nikamwambia, "Baba, simama vizuri." Mzee akajinyoosha. Daktari akarudia mara ya tatu akionyesha kwa mkono kwenda juu, nami nikasema, "Anataka usimame zaidi." Jamani, yule mzee akasimama kwa ncha za vidole, ameshikilia ukingo wa meza, mbavu zinamuuma, huku ananitazama kama mwanawe aliyepotea.

Alitaka ainue shati. Tu.

Nilichojifunza: hapo se haikuwa -ka ya mleta uzi. Kilichoinuliwa kipo, ni camisa. Se inakuambia shati ni la nani. Sisi tunasema "inua shati lako", wao hawapendi kusema lako kwenye mwili na nguo, wanaiachia se iseme. Levántese la manga, pandisha mkono wa shati lako. Kwa hiyo ukisikia levántese usikimbilie kusimamisha watu. Ngoja mwisho wa sentensi.

Mama_Maandazi

Nimepita kimya kimya ila naomba kuuliza. Mwanangu anaishi kwa Wahispania, aliniambia hamira wanaiita levadura. Ni haya haya?

Chungwa_la_Valencia

Shikamoo mama. Ndiyo, ni haya haya. Inatoka kwenye ndugu yake mkubwa levar, kuinua. Ni kile kinachoinua unga.

Mama_Maandazi

Marahaba mwanangu. Basi sisi unga unaumuka. Naona nao una huo mkia wenu wa -ka. Naumua mimi, unaumuka wenyewe.

Mgumu_wa_Mweka

Mama umemaliza. Kuanzia leo nafundisha kwa maandazi.

Katekista_Mstaafu

Watu wengi wa Hispania na Amerika Kusini husema "Lázaro, levántate y anda", wakiamini Yesu alimwambia hivyo kaburini. Someni Yohana 11, alimwambia Lazaro atoke nje, basi. Maneno ya kuinuka na kwenda aliambiwa yule mwenye kupooza, na Petro naye akayasema kwa kiwete mlangoni pa hekalu. Watu wameyachanganya mpaka imekuwa msemo.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, Marko 2:11 inasema: "Nakuambia, Ondoka, ujitwike godoro lako uende nyumbani kwako." Kihispania pale ni levántate. Wanafunzi wangu wa mafundisho kila mwaka walikuwa wanauliza kwa nini Yesu anamfukuza mgonjwa.

Mzee_wa_Pangani

Wanangu, hapo katekista amegusa ninalolisubiri tangu mwanzo. Sisi watu wa pwani wa zamani ondoka ni kuinuka pale ulipo. Umekaa, waondoka. Kwenda zako ni jambo la baadaye. Mtu aliyekaa hawezi kwenda asipoondoka kwanza, ndiyo maana neno likasogea polepole mpaka nyinyi vijana mkabaki na kwenda peke yake.

Sasa mimi sijui Kihispania, lakini nimesoma mliyoandika juu, naomba mnijibu. Hicho levantar chao nacho kimesogea namna hiyo? Maana kitu ukikiinua kutoka mahali, mahali pale pamebaki patupu. Kuinua na kuondoa si mbali.

Chungwa_la_Valencia

Shikamoo mzee. Umenifanya niache kupika. Kimesogea hivyo hivyo!

Levantar la mesa ni kuondoa vyombo mezani baada ya kula. Mgeni wa mwanzo anadhani ameambiwa abebe meza. Levantar las sanciones, kuondoa vikwazo. Levantar un castigo, kumwondolea mtu adhabu. Mwenyekiti akisema "se levanta la sesión", kikao kimekwisha, watu wanaondoka kwenye viti, kwa maana zako zote mbili mzee. Wezi nao wamo: me han levantado el móvil, wameninyanyulia simu, wamebeba.

Mimi hapa nimefanya kazi ya ujenzi kabla ya kuhamia jikoni. Msimamizi akisema "hoy levantamos esta pared" tunapandisha ukuta. Siku nyingine anasema "hay que levantar el suelo", nikafikiri tunanyanyua sakafu iwe juu. Kumbe tunabandua vigae, sakafu yote nje. Nilishakoroga zege tayari, akanitazama, hakusema kitu, akanipa nyundo. Kitenzi kile kile asubuhi kinajenga na mchana kinabomoa.

Mzee_wa_Pangani

Marahaba. Basi hakibomoi. Kinaondoa.

Mpiga_mikeka

Na kwenye mpira? Nimesikia watangazaji wao.

Chungwa_la_Valencia

Levantar la copa, kunyanyua ndoo. Casillas Johannesburg 2010, Messi Qatar 2022. Timu ikiwa imefungwa mbili ikarudisha, levantó el partido. Na ile inayofungwa kila wiki, no levanta cabeza, haijainua kichwa. Hiyo ndiyo timu ya kuweka nje ya mkeka.

Nipo_Meksiko

Onyo dogo kwa wanaokuja huku. Levantar Meksiko ni neno la kila siku, mama anamwambia mtoto levanta tus juguetes, okota midoli yako. Lakini ukisoma gazetini "lo levantaron", usidhani ameinuliwa kitandani. Ametekwa na wahalifu, kawaida kwa gari. Tukio lenyewe linaitwa levantón, na neno hilo halitaniwi mezani. Levantamiento nalo lina pande mbili: levantamiento de pesas ni kunyanyua vyuma, levantamiento peke yake ni watu kuinuka dhidi ya serikali, kama Wazapatista kule Chiapas, tarehe 1 Januari 1994.

Mzee_wa_Pangani

Swali la mwisho nilale. Kuamka mapema sana, alfajiri, watu kabla ya jogoo. Sisi tuna kurauka, tuna kudamka. Nao wana neno lake, au nao husema "kuamka mapema" kama vijana wa mjini?

Mgumu_wa_Mweka

Wanalo mzee: madrugar. Neno moja tu, halihitaji se, halihitaji "mapema". Methali yao inasema a quien madruga, Dios le ayuda, anayerauka Mungu humsaidia. Na wavivu wao wakajibu na yao: no por mucho madrugar amanece más temprano. Hata urauke vipi, hakukuchi mapema.

Wageni wangu huniambia hiyo ya pili, saa tano usiku, kutoka ndani ya mfuko wa kulalia.

Mzee_wa_Pangani

Hao wa pili nawapenda.

Kijana_wa_Usa_River

Bro, hukutuambia. Yule mama alifika?

Mgumu_wa_Mweka

Alifika. Stella Point, karibu na kilele, alitaka kurudi, mumewe akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, pole pole, Uhuru Peak tukaipata jua limeshapanda. Mita 5,895, analia, mimi nalia, mume anapiga picha.

Usiku ule tukalala kambi ya Mweka. Nikawa natoa maelezo ya asubuhi, safari hii nimeandika kwenye karatasi: "Los despierto a las seis." Nawaamsha saa kumi na mbili. Nikasoma taratibu, herufi kwa herufi, kila mkazo mahali pake. Mume akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Pedro," akaniambia, ndilo jina walilonipa, "¿y hoy a quién te levantás?" Yaani, na leo unamuopoa nani?